Chale Aliyebebwa Mgongoni

Kazi yangu ni kuinua watu. Kwenye mkataba imeandikwa vingine, kwa maneno marefu, lakini ukiniuliza nimefanya nini tangu alfajiri nitakwambia nimeinua wazee watatu. Nimewatoa kitandani, nimewaogesha, nimewakalisha, nimewanyanyua tena. Kati ya mzee wa tatu na wa nne nina dakika arobaini ambazo hakuna anayezilipa. Siku isiyo na mvua huzimalizia kwenye bustani moja ndogo kando ya Pentonville Road, hapa London, kwenye kile kilima kinachopanda kutoka King's Cross kwenda Angel.

Miezi mingi nilikula chapati zangu pale bila kujua kwamba nimekaa makaburini. Zamani palikuwa uwanja wa kanisa la St James. Kanisa likabomolewa miaka ya 1980, watoto wakapata mahali pa kuchezea mpira, wafanyakazi wa maofisini wakapata benchi la kulia chakula. Kaburi moja limezungushiwa uzio wa chuma. Siku nilipoinuka kulisoma nikakuta jina la Joseph Grimaldi, aliyefariki tarehe 31 Mei 1837 akiwa na miaka 58. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniambia kwamba huyo ndiye baba wa machale wote. Halafu akaongeza, "Lakini alikuwa mtu wa huzuni sana, maskini."

Hiyo "huzuni sana" ndiyo iliyonikalisha niandike.

Mimi nimelelewa na chale. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mchekeshaji wa kikundi cha sanaa pale Tanga miaka ya 1980, enzi za maonyesho ya kukesha: ngoma, sarakasi, taarab, mazingaombwe, na katikati kichekesho cha kuwazindua walioanza kusinzia. Ujuzi wake ulikuwa kuanguka. Alianguka na kiti, alianguka na ndoo ya maji, alianguka kwa kusalimiwa tu. Mama zetu walikuwa wakijifuta machozi kwa ncha za khanga. Leo magoti yake hayakunji, swala anaiswali kwenye kiti, na kile kikundi kilichomrusha chini usiku hadi usiku hakikumwachia hata bahasha. Lakini sijamsikia mtu wa Ngamiani akisema mjomba ana huzuni. Wanasema anaumwa magoti.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Grimaldi, usiku baada ya zamu, nilisoma kama mpwa wa mtu aliyekuwa akianguka.

Alizaliwa London tarehe 18 Desemba 1778. Baba yake, Giuseppe, alikuwa Mwitaliano, mcheza dansi na mwalimu wa dansi katika ukumbi wa Drury Lane, na inasemekana pembeni alikuwa daktari wa meno. Mama yake, Rebecca Brooker, alikuwa mcheza dansi kijana kabisa. Giuseppe alikuwa mkali kupindukia na alikuwa na hofu moja iliyomtawala, ya kuzikwa angali hai. Inasimuliwa kwamba siku moja alijilaza akafunikwa shuka, akaagiza watoto waambiwe baba amefariki, ili asikie watasemaje. John, yule mdogo, akaruka kwa furaha. Joseph akalia. Mzee alipofumua shuka, nadhani mnajua nani alipata bakora. Na alipokufa kweli, mwaka 1788, aliacha wosia kwamba akatwe kichwa kabla ya kuzikwa, asije akaamkia kaburini. Wosia ukatekelezwa.

Mtoto Joseph alipandishwa jukwaani katika ukumbi mwingine wa London, Sadler's Wells, mwaka 1781, akiwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Nilirudia kusoma hapo nikidhani wamekosea. Hawakukosea. Miongoni mwa mambo aliyofanyishwa utotoni ni kuigiza nyani, amefungwa mnyororo kiunoni, baba yake akimzungusha hewani kama mtu anayetupa kombeo. Usiku mmoja mnyororo ukakatika. Mtoto akaruka juu ya vichwa vya watu na kuangukia mikononi mwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini kwenye viti vya kawaida, salama salimini. Watu waliisimulia kama kisa cha kuchekesha.

Baba alipofariki, Joe alikuwa na miaka tisa. Sadler's Wells wakampunguzia malipo kutoka shilingi 15 kwa wiki hadi shilingi 3. Ndiyo pole aliyopewa. Upande wa Drury Lane walikuwa na ubinadamu zaidi, wakamwongeza. Mtoto akawa anafanya kazi kwenye kumbi mbili ili nyumba iende.

Hapa sina budi kueleza maigizo yenyewe yalikuwaje, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini mtu mmoja wa kuanguka alikuja kupendwa na jiji zima. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1737 iliyobana tamthilia. Kumbi mbili tu za London, Drury Lane na Covent Garden, ndizo zilizokuwa na haki ya kuigiza kwa maneno ya kawaida katika msimu mkuu. Kumbi nyingine zikae na nyimbo, dansi, sarakasi, mbwa waliofunzwa na maigizo ya bubu. Ukitaka hadhira ijue kwamba mfalme amekasirika, unapandisha kitambaa kilichoandikwa, au unapiga muziki wa hasira, au unaacha mwili wa mwigizaji useme. Sadler's Wells ilikuwa katika kundi hilo la pili. Nao wakajitengenezea yao: mwaka 1804 walichimba bwawa pale jukwaani, wakalijaza maji ya mfereji wa New River uliopita jirani, wakawa wanaonyesha vita vya majini kwa merikebu ndogondogo. Zuia watu kusema, watatafuta bahari.

Pantomimu ya wakati ule ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza kisa kifupi cha mapenzi, chenye baba mkorofi asiyetaka binti yake aolewe na anayempenda. Mambo yakikwama anatokea malaika au mchawi, anapunga fimbo, na wahusika wote wanageuzwa. Kijana anakuwa Harlequin mwenye vazi la viraka, binti anakuwa Columbine, baba anakuwa mzee Pantaloon, na mtumishi wa mzee anakuwa chale. Kuanzia hapo ni mbio tu. Mzee na chale wanawafukuza wapenzi kupita sokoni, dukani, mtaani, na Harlequin anapiga vitu kwa gongo lake la mbao, navyo vinageuka: sanduku linakuwa kitanda, duka linakuwa jela. Gongo lenyewe lilikuwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa pamoja. Likimgusa mtu linapiga kelele kubwa kuliko maumivu yake. Mjomba alikuwa na kifaa cha namna hiyo alichotengeneza kwa ubao wa sanduku la chai, na wala hakuwa amesoma habari za maigizo ya Kiitaliano walikotoka akina Harlequin.

Kabla ya Grimaldi, nyota wa mchezo huo alikuwa Harlequin, kijana mzuri wa kurukaruka. Chale alikuwa mshamba wa pembeni, mwekundu wa uso, mjinga wa kupigwa. Mambo yakaanza kugeuka siku ya Jumatatu ya Pasaka mwaka 1800, pale Sadler's Wells, katika igizo la Peter Wilkins lililoandaliwa na Charles Dibdin. Machale walikuwa wawili, Grimaldi na Dubois, na Grimaldi akavishwa mavazi ya rangi zinazogombana. Miaka iliyofuata akaendelea kujichora: uso mweupe pee, shingo nyeupe pia, pembetatu nyekundu kwenye kila shavu, nyusi nene zilizonyanyuka, mdomo uliopakwa rangi hadi ukawa mkubwa kama mlango, na nywele za bandia zilizosimama kama upanga wa jogoo. Fikiria ukumbi unaowashwa kwa mishumaa na taa za mafuta, mtu aliyekaa mbali kule juu kwenye viti vya bei rahisi. Ule uso ulichorwa kwa ajili yake. Hata akiwa hajalipa zaidi, aone nyusi zikipanda.

Yule mshamba akageuka mtu wa mjini. Chale wa Grimaldi aliiba soseji, aliiba kuku, alimeza chaza, alimpiga polisi wa zamu, aliwachokoza wauza samaki, akachoma chuma cha moto kwa makusudi kwenye makalio ya watu wenye heshima zao. Kila kilichokuwa kikiwakera watu wa London mchana, yeye alikifanya usiku bila adhabu. Na akikamatwa alikuwa na sura ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akiingia jukwaani alikuwa akipaza sauti, "Haya, tumekuja tena!" na ukumbi ukavunjika. Hadi leo machale wa sarakasi wa Uingereza huitwa Joey, kwa jina lake. Sisi tuna neno letu, chale, na masikio yangu daima yamesikia jina la Charlie, yule Chaplin wa filamu, ndani yake. Naona hiyo ndiyo heshima ya juu kuliko zote anayoweza kupata mchekeshaji, jina lako lipoteze herufi kubwa.

Usiku uliomkamilisha ulikuwa tarehe 29 Desemba 1806, Covent Garden, katika igizo la Harlequin and Mother Goose, lililoandikwa na Thomas Dibdin. Ukumbi haukuwa na imani nalo. Mapambo yalikuwa duni na mageuzo ya kimazingaombwe machache, kwa hiyo chale alibaki na kazi ya kuujaza muda kwa mwili wake. Likaigizwa mara 92 na kuuingizia ukumbi faida ya zaidi ya pauni 20,000, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Grimaldi mwenyewe hakuona kama alikuwa na nafasi nzuri mle ndani, aliona sehemu yake haina kitu. Mchekeshaji halisi! Mjomba naye, ukimtajia kile kichekesho kilichowaua watu kwa kicheko Korogwe, anakunja uso: "Kile? Kile kilikuwa cha kujazia."

Kitu ninachokipenda zaidi kwake, nikisoma, ni vile vitu alivyokuwa akivitengeneza. Alichukua ndoo za makaa akazivaa kama buti, akajipamba kama ofisa wa wapanda farasi, wakati ambapo maofisa wa kweli walikuwa wakitamba mitaani na mavazi yao ya vita dhidi ya Napoleon. Alijenga gari la kukokotwa kwa kitanda cha mtoto na magurudumu ya jibini. Na katika igizo moja la mwaka 1810 aliunda mtu mzima kwa mbogamboga za sokoni, akasimama mbele yake, akakunja ngumi kama bondia. Yule mtu wa mboga akapata uhai, akamtimua jukwaa zima. Picha yake ilichorwa na kuuzwa. Hayo si mambo ya mtu anayechekesha kwa sababu moyo unamuuma. Ni mambo ya mtu aliyekaa sokoni muda mrefu akizitazama turnipu na kufikiri.

Tena aliimba. Wimbo wake mmoja, "Hot Codlins" wa mwaka 1819, unahusu bibi anayeuza matofaa ya kuoka barabarani. Baridi inamzidi, anaamua kupasha mwili moto kwa kibuyu kidogo cha... na hapo chale ananyamaza, anautazama ukumbi kwa uso wa kitawa. Ukumbi mzima unapiga kelele: jini! (La chupani, si la kupunga.) Yeye anajifanya ameshtushwa na tabia zao. Miaka mingi baada ya kifo chake, machale wengine walidaiwa wimbo huo na hadhira, wapende wasipende.

Sasa tuje kwenye mwili.

Sadler's Wells ilifanya kazi kuanzia Pasaka hadi majira ya kupukutika kwa majani, zile kumbi kubwa zilifanya kazi wakati wa baridi, na misimu hiyo ilipopishana Grimaldi alikuwa na maonyesho sehemu mbili kwa usiku mmoja. Anamaliza huku, anakimbilia kule, na rangi usoni. Kuna kisa kwamba usiku mmoja alikosa gari, akakimbia kwa miguu katika mavazi ya chale, mtu mmoja akamtambua akapiga kelele "Joe Grimaldi huyo!" na kundi likamwandama mtaani likishangilia hadi mlangoni. Nimewahi kutembea njia hiyo, kutoka Covent Garden hadi Sadler's Wells. Mimi kwa viatu vya kazi ilinichukua zaidi ya nusu saa, na sikuwa nimetoka kurushwa dirishani.

Kurushwa dirishani, ndiyo. Kuanguka kutoka juu, kutumbukizwa kwenye mashimo ya jukwaa, kupigwa, kupinduka, kutembea kwa mikono. Siku moja bastola aliyoichomeka kwenye buti ilifyatuka ikamuunguza mguu, akamaliza onyesho kwanza ndipo akavuliwa. Mchezo wa kuanguka una siri moja ambayo watazamaji hawaijui: hakuna kuanguka kwa uongo. Kuna kuanguka kwa kujua na kuanguka kwa kutojua, lakini sakafu ni ileile. Ukianguka kwa kujua unaumia kidogo kidogo, na hayo madogo yanawekwa akiba mahali. Kwenye magoti, kwenye nyonga, kwenye pingili za mgongo wa chini. Nawaosha watu wenye akiba hizo kila siku, wajenzi, wapakuzi wa bandarini, muuguzi mmoja mstaafu. Nikimshika mtu chini ya makwapa kumnyanyua najua kazi aliyoifanya kabla hajaniambia.

Mwaka 1823 Grimaldi alikuwa na miaka 44. Walioandika habari zake wanasema jukwaani alikuwa bado anavunja watu mbavu, lakini pembeni, nyuma ya pazia, kulikuwa na watu wamesimama tayari. Akitoka tu wanamdaka, wanamlaza, wanamkanda mapaja na miguu iliyokaza kama kamba, kisha zamu yake ikifika wanamsimamisha na kumrudisha kwenye mwanga. Mwaka uleule akashindwa kabisa. Nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe, naye akiitwa Joseph, aliyekuwa na kipaji na pia chupa. Alikufa mwaka 1832, miaka 30 tu.

Basi ndipo kinapokuja kile kisa cha daktari. Mmekisikia, kinatembea sana. Mtu anamwendea daktari London, anasema ana majonzi yasiyoponyeka. Daktari anamwambia, nenda ukamwone Grimaldi jukwaani, utapona. Mgonjwa anajibu, "Mimi ndiye Grimaldi." Kisa kitamu mno, na hicho hicho kimesimuliwa kuhusu wachekeshaji wengine wa nchi nyingine kwa majina mengine, ndiyo maana nakitilia shaka. Yeye mwenyewe alichangia, sikatai. Jina lake ukilitamka kwa Kiingereza linasikika kama "mwenye kununa kutwa", naye alikuwa akilichezea: mchana kutwa nimenuna, usiku nawachekesha. Sasa mtu akitoa utani kuhusu jina lake mwenyewe, mnaufanya cheti cha daktari?

Sisemi hakupata misiba. Mke wake wa kwanza, Maria Hughes, binti wa mmoja wa wenye Sadler's Wells, alifariki mwaka 1800 katika uzazi, ndoa ikiwa na mwaka na ushei. Ndugu yake John, yule aliyeruka kwa furaha kando ya shuka, alikwenda baharini, akatokea ghafla mlangoni mwa Drury Lane mwaka 1803, wakakumbatiana, wakapanga wakutane usiku uleule nyumbani kwa mama yao. Hakuonekana tena maisha yote. Mtu akilia kwa hayo ana haki.

Lakini ni mtu huyohuyo aliyekuwa, ujanani, akimaliza onyesho usiku, anatembea kwa miguu hadi Dartford, karibu kilomita 25, ili kukipambazuka akamate vipepeo fulani wa buluu waliopatikana kule. Kisha anarudi kwa miguu, anapanda jukwaani jioni. Alikusanya wadudu hao kwa maelfu, akawapanga kwenye masanduku ya vioo kwa mikono yake. Wezi walipoivunja nyumba wakauharibu ule mkusanyiko wote, akahamia kwenye njiwa. Nikimfikiria namfikiria hapo, barabarani gizani, na wavu begani. Naona mtu mwenye mambo yake.

Hiyo hadithi ya huzuni inampendeza mwenye ukumbi kuliko mtu mwingine yeyote. Mchekeshaji akivunjika kwa sababu ya moyo wake, basi ni siri ya Mungu na yeye. Akivunjika kwa sababu ya kazi ya jukwaani tangu akiwa na miaka miwili, na baadaye maonyesho mawili kwa usiku, kuna hesabu za kuulizwa.

Aliagwa mara mbili mwaka 1828. Tarehe 17 Machi pale Sadler's Wells, kisha tarehe 27 Juni Drury Lane. Hakuweza kusimama, wakamwekea kiti, akaimba amekaa. Miaka 49, ameshakuwa kizee. Akawaaga kwa hotuba na ndani yake akaweka mzaha kwamba sasa anasimama vibaya kwa miguu kuliko zamani alivyosimama kwa kichwa. Ukumbi ukacheka na kulia, sijui wengine waliweza vipi. Baada ya hapo aliishi kwa pauni 100 kwa mwaka kutoka mfuko wa kusaidiana wa waigizaji wa Drury Lane. Mkewe wa pili, Mary, akatangulia. Akabaki peke yake katika nyumba ya Southampton Street, Pentonville, mwendo wa dakika chache kutoka benchi langu, akiandika kumbukumbu zake. Zilihaririwa na mwandishi kijana, Charles Dickens, na kutoka mwaka 1838, mwenyewe akiwa ameshazikwa.

Na kulikuwa na baa, Marquis Cornwallis. Mwenye baa aliitwa George Cook. Kila jioni Grimaldi alikwenda pale kukaa na wenzake, na usiku ukikolea, kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa kabisa, Cook alimpakia mgongoni na kumpeleka nyumbani.

Nilipofika kwenye mstari huo niliweka simu chini. Kumbeba mtu mzima mgongoni si jambo la mchezo. Sisi kazini tumekatazwa kabisa, kuna mashine, kuna mkanda, kuna fomu. Unapombeba mtu mgongoni pumzi yake iko sikioni mwako, unajua amekunywa nini, unajua anaogopa au haogopi, mapaja yake yamekukaa mikononi. Anayebebwa lazima ajiachie, akijikaza mtaanguka wote. Na Grimaldi alikuwa hodari wa kujiachia kuliko mtu yeyote London. Nawaona wawili hao barabarani usiku, kwa mbali umbo moja lenye vichwa viwili, na nina hakika mmoja wao alikuwa akifanya jambo la kipuuzi na kofia ya mwenzake.

Usiku wa mwisho wa Mei 1837 Cook alimbeba kama kawaida, akamfikisha. Asubuhi akakutwa amefariki kitandani.

Mwaka 2010 pale bustanini waliweka kitu ambacho mwanzoni nilikiona ni ukosefu wa adabu. Ni maumbo mawili ya jeneza yaliyolazwa ardhini, kazi ya msanii Henry Krokatsis, yametengenezwa kwa vigae vya shaba vinavyotoa sauti ukivikanyaga. Moja ni la Grimaldi, jingine la Charles Dibdin aliyempa kazi Sadler's Wells. Ukijua pa kukanyaga unaweza kuucheza ule wimbo wa bibi wa matofaa. Yaani umealikwa ucheze juu ya kaburi. Kwetu mtu angeitiwa wazee. Lakini siku moja nilimwona mtoto wa shule akirukaruka pale, anakosea, anarudia, mama yake anatazama saa. Nilipoondoka nami nikapita juu yake, taratibu, nikijifanya nakatisha njia. Vililia chini ya viatu vyangu.

Jioni nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, habari za huko, baridi imepungua? Nikamsimulia yote, ya mnyororo, ya wosia wa kichwa, ya soseji, ya pauni 100, hadi ya Cook na mgongo wake. Kwenye simu nilisikia feni na redio ya jirani. Nilitegemea aseme jambo kuhusu kubebwa, maana naye siku hizi anashushwa ngazi na vijana wa mtaani.

"Huyo mtu wa mboga," akasema, "umesema alimfukuza?"

"Jukwaa zima, mjomba."

"Basi ndani yake kulikuwa na mtu. Mboga haikimbii." Akanyamaza kidogo, akipiga hesabu. "Kichwa angekiweka tikiti, ukilikwangua ndani ni jepesi. Lakini mwenye kuona yuko kifuani, anachungulia kwenye kabichi. Kwa hiyo ni mtu mfupi, au mtoto. Na anakimbia haoni chini, na yule anageuka ghafla ampige ngumi." Feni ikazunguka. "Wamemwandika jina lake?"